Jua Lilipomnyamazisha Baba

Jumanne ile redio ya Baba ilikuwa inasema vizuri kuliko siku zote. Kwaya ya wafanyakazi wa reli ilikuwa inaimba, na ndani ya kwaya ile ilikuwamo sauti ya Baba mwenyewe, nzito, chini kabisa, kama injini inayongoja ishara iondoke. Baba alikuwa ameketi mbele ya redio na shati lake la Jumapili. Senge Namalwa, dada yake, ambaye ndiye aliyenilea tangu Mama afariki, alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni. Kila sauti ya Baba ilipojitokeza alimnyooshea mwiko.

"Ni wewe huyo! Wamalwa, ni wewe!"

"Nyamaza nijisikie."

Hapo ndipo Mzee Asiko alipofika. Mzee Asiko alikuwa seremala mjini Nakuru, na alikuwa baba mdogo wa Dalmas, kijana aliyetaka kunioa. Baba aliinua mkono bila kugeuza kichwa: subiri. Katika nyumba zetu za reli kila mtu alijua kwamba wimbo ule ungepigwa alasiri ile, kwa hiyo haikuwa ajabu mgeni kusubirishwa mlangoni. Mzee Asiko akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo, akasubiri. Nilimtazama kwa furaha. Nilidhani Dalmas amemtuma aje aone kama Baba amepoa.

Wimbo ulikuwa na beti nyingi, na waliimba zote. Ulipokwisha, Baba aligeuka, na uso wake ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu tulipomzika Mama.

"Asiko! Umesikia?"

"Nimesikia, Mzee."

"Basi mwambie kijana wako na mimi nimesikia. Mwambie Jumamosi aje. Aje na watu wake, walewale, hata yule mwenye kikohozi."

Senge alianza kupiga kigelegele, kisha akajiziba mdomo kwa sababu Mzee Asiko hakuwa anacheka.

"Mzee Wamalwa," akasema, "hawezi kuja."

"Yuko kazini? Basi Jumapili."

"Ameanguka leo asubuhi. Alipanda nguzo, ile ya mwisho upande wa ziwa, ikavunjika naye. Tumemfikisha hospitali akiwa ameshakwisha."

Redio ilikuwa imeanza kusoma bei ya mahindi. Hakuna aliyeizima. Baba alibaki ameinua mkono nusu, kama mtu aliyesahau alitaka kushika nini.

*

Nilimjua Dalmas Ambani mwaka mmoja kabla ya siku ile, huko Gilgil, nilikokuwa nafundisha darasa la kwanza. Wakati wa mapumziko kijana mrefu aliingia uwanja wa shule bila hodi, hedifoni masikioni, sanduku la bati likining'inia kifuani, na mkononi fremu ya waya. Alikuwa anageuka huku na huku kama kuku anayetafuta pa kutagia. Watoto walimfuata nyuma wakimwiga.

"Bwana," nikamwita, "umepoteza nini kwenye nyasi zetu?"

Akasogeza hedifoni upande mmoja. "Natafuta kelele, Mwalimu."

"Kelele? Hapa nina watoto arobaini. Chagua unayemtaka."

Alicheka, na alipocheka alikuwa na macho ya mtu asiyeharakisha kuyaondoa. "Ninayoitafuta haina miguu. Kila asubuhi inaingia kwenye karatasi zetu kule kituoni, inatuharibia jua, halafu saa sita inanyamaza."

"Ni kinu cha unga. Kiko nyuma ya ile mikaratusi."

"Umejuaje haraka hivyo?"

"Mimi pia kinaniharibia. Nikisema a, e, i, kinu kinasema pu, pu, pu, na watoto hufuata kinu."

Kilikuwa kinu kweli. Injini yake ya petroli ilikuwa inarusha cheche, na cheche zilifika kituoni kwao kama sauti. Dalmas alimletea mwenye kinu kifuniko cha bati cha kuzifunika, na kelele ikaisha siku hiyohiyo. Lakini Jumamosi iliyofuata alirudi kuhakikisha. Na iliyofuata. Mwalimu mwenzangu akaniuliza kama kinu kile ni mgonjwa kiasi gani hata kiangaliwe kila wiki.

Siku moja tulitembea naye hadi kituoni, kwenye tambarare kati ya Gilgil na Elmenteita. Kilikuwa kibanda kimoja, na nje yake safu mbili za nguzo zilizosimama mbalimbali, zimefungwa waya juu. Bwana Pirie, Mzungu mpole aliyesahau kula, alikuwa ametumwa na chuo cha kwao, kwa sababu mwaka ule wataalamu wa nchi nyingi walikuwa wamepatana kulichunguza jua kwa pamoja. Ndani ya kibanda kalamu ilikuwa inachora mstari peke yake juu ya karatasi iliyosogea polepole.

Dalmas alinivalisha hedifoni. Vidole vyake vilipita karibu na shavu langu bila kuligusa, na nilikumbuka vile havikunigusa kwa wiki nzima.

"Unasikia?"

"Kama mtu anapepeta wimbi kwenye ungo."

"Hilo ndilo jua likiwa limetulia."

"Jua lina sauti?"

"Si sauti ya kusikika angani. Linatoa mawimbi kama ya redio. Waya zinayapokea, sisi tunayageuza yawe sauti, au mstari. Ona, zile safu mbili zinalisikia kwa pamoja. Jua likipita juu yake, mstari unapanda na kushuka kama vilima, na kwa vilima hivyo tunajua sehemu gani ya jua inapiga kelele."

"Na likizama kunanyamaza?"

"Hapana. Kuna mvumo mwingine unatoka kwenye ule mkanda mweupe wa nyota. Wa kwanza kuusikia alidhani ni radi za mbali. Halafu akaona kila siku unawahi kidogo kuliko jana. Hapo akajua hautoki duniani. Kelele ya watu hufuata saa ya watu, Mwalimu. Kinu chenu huamka wakati uleule kila siku. Nyota haziangalii saa yetu."

"Kwa hiyo kinachowahi kila mara kimetoka mbali."

"Sawasawa."

"Wewe Jumamosi ya kwanza ulikuja saa tano. Ya pili saa nne. Leo nimekukuta langoni saa tatu, sijamaliza hata kufua."

Alitazama chini, akavuta waya wa hedifoni. "Basi," akasema, "hata mimi nimetoka mbali."

Tulirudi Gilgil kwa miguu. Penye mfereji alinipa mkono nivuke, na tulipokwisha vuka hakuna aliyekumbuka kuuachia.

*

Kule mbali alikotoka ni Bunyore, na ukoo wake ulikuwa ukoo wa mvua. Watu wa magharibi wanajua maana yake. Babu yake ndiye watu walimwendea mbingu zilipokauka, wakampelekea mbuzi na kuku, na mvua isiponyesha walimwendea kwa marungu. Dalmas aliniambia hayo mapema, kwa sauti ndogo. Babu yake alivunjwa mguu mwaka mmoja wa njaa kwa sababu mawingu yalipita bila kutoa kitu.

"Mimi nilikimbilia redio," akasema, "kwa sababu redio haikuulizi baba yako ni nani."

Baba yangu ni Mbukusu na mzee wa kanisa. Alipoambiwa kwamba kuna kijana wa Bunyore, Mkristo, mwenye kazi, alikubali wazee waje. Na siku aliichagua yeye mwenyewe. Watu wa redio walikuwa wameirekodi kwaya yao Nairobi, na wimbo ungetangazwa Jumamosi alasiri. Baba alitaka wageni wakiwa wanakula kuku wa Senge wasikie sauti ya mtu wanayemwomba binti.

Walikuja wanne: Mzee Asiko, Dalmas, na wazee wawili, mmoja ana kikohozi kisichokwisha. Kwetu kijana anayeposa hasemi. Anaketi karibu na mlango, anaangalia miguu yake, wazee wake wanasema kwa niaba yake. Dalmas aliketi hivyo. Nilikuwa nikimwona kupitia ufa wa mlango wa jikoni, mabega yake, shingo yake iliyonyolewa vizuri, na mara moja tu aliinua macho akaukuta ufa. Senge alinivuta sikio.

"Utamaliza kumtazama leo, kesho uangalie nini?"

Maneno yalikwenda vizuri. Mzee mwenye kikohozi alifanya mzaha kwamba wamepotelewa na mtamba na nyayo zinaishia hapa. Baba alicheka. Halafu akatazama saa yake ya reli, akasogeza redio katikati ya meza.

"Sasa mtanisikia," akasema. "Hawapigi mara ya pili. Ni leo tu."

Hapo Dalmas alisema.

Nimeuliza moyo wangu mara nyingi kwa nini hakunyamaza, na jibu ninalolipata ni kwamba alikuwa ameshampenda Baba. Asubuhi ile Bwana Pirie alikuwa amelichora jua, kama alivyolichora kila asubuhi, akiangusha mwanga wake kwenye karatasi kwa darubini, maana halitazamwi kwa macho. Katikati palikuwa na kundi kubwa la vidoa vyeusi. Kundi hilohilo lilipotuelekea karibu mwezi mmoja nyuma, jua lilifoka, na redio za masafa mafupi zikanyamaza upande wote wenye mchana. Sasa lilikuwa limezunguka na kurudi. Dalmas alimwona mzee ameketi mbele ya redio kama bwana harusi, akashindwa kumwacha aanguke bila kuonywa.

"Mzee, unisamehe," akasema. "Huenda redio ikanyamaza alasiri hii."

Watu wote waligeuka. Mzee Asiko alimkanyaga mguu.

"Inanyamaza kwa nini?" Baba akauliza. "Betri ni mpya."

"Si betri, Mzee. Ni juu. Sina hakika. Nimesema huenda."

Baba akatabasamu kwa adabu, akafungua redio. Mtangazaji akaitaja kwaya ya reli ya Nakuru. Majirani walikuwa wamejaa dirishani. Tulisikia kinanda, tukasikia sauti za kwanza za wanawake, halafu wimbo ukaanza kuzama. Haukukatika. Ulizama tu, kama ndoo inayoteremka kisimani, mpaka ikabaki redio imewaka taa yake bila neno.

Baba aliipiga kofi. Akazungusha kitufe. Akatoa betri akairudisha. Jirani mmoja akakimbia kuleta redio yake, nayo ilikuwa hivyohivyo. Hakuna aliyekula. Iliporudi, mtu alikuwa anasoma salamu za wagonjwa.

Baba alizima redio mwenyewe, polepole.

"Kijana," akasema, "nyumbani kwenu Bunyore wewe ni wa kwa nani?"

Dalmas alifungua mdomo, lakini mzee mwenye kikohozi alimtangulia. Masikini alitaka kumsifu.

"Huyu? Huyu ni mjukuu wa mwenye mvua! Babu yake alikuwa akiinua mkono hivi, mawingu yanakuja."

"Na akiushusha?" Baba akauliza.

Mzee mwenye kikohozi akakohoa.

"Mbona mmenyamaza? Nauliza, akiushusha?"

*

Baba hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alikaa na wazee wenzake wa kanisa siku kadhaa, wakatoa neno lao, nami nikapewa nilipeleke. Dalmas asimame mbele ya kanisa, aungame kwamba alifunga anga siku ile, aombewe, aache kazi ya kusikiliza juu. Akifanya hivyo ataitwa mwana na mambo yataendelea. Asipofanya, asionekane tena katika nyumba za reli.

Nilimkuta kituoni amekunja mikono ya shati, anabandika karatasi za wiki ukutani. Alinionyesha ya Jumamosi ile kabla sijasema. Mstari ulikuwa unakwenda kwa utulivu, kisha ukaruka hadi ukingoni ukakaa huko.

"Hapa ndipo jua lilipofoka," akasema. "Matangazo ya Nairobi hupanda, yanagonga dari ya hewa huko juu, yanarudi chini Nakuru. Jua likifoka, mwanga wake mkali unaigeuza ile dari. Hairudishi tena, inameza. Nitampelekea Baba hii aone."

"Baba hataki karatasi. Anataka uungame."

Nilimwambia yote. Alisikiliza akiwa ameshika pini mdomoni. Alipoitoa alikuwa amebadilika rangi.

"Nisimame niseme nilimfunga sauti?"

"Ni maneno tu, Dalmas. Siku moja. Unasema, wanakuombea, tunaoana."

"Na mwaka mvua itakapochelewa?"

"Sisi tutakuwa Gilgil."

"Nekoye, mvua haichelewi Bunyore peke yake. Ikichelewa Gilgil, watu watasema yuko mtu hapa aliyeungama kanisani kwamba anaweza kufunga. Watakuja kwangu. Nikifa watakwenda kwa mwanao. Mguu wa babu nimeuosha kwa mikono yangu, unanuka mpaka leo."

"Kwa hiyo unaniacha."

"Sijakuacha."

"Hutaki kusema neno moja, na Baba hataki kuondoa neno moja. Mimi mnaniweka wapi? Katikati, kama kale kamstari kenu?"

Akaja karibu. Bwana Pirie alikuwa nje akibishana na waya. Dalmas alinishika viganja vyote viwili na kuviweka kwenye kifua chake, na nilisikia vile moyo wake ulivyokuwa unakimbia.

"Niulize kitu kingine chochote," akasema. "Niambie niache kazi, nitaacha kesho. Nilime, niuze mkaa, nibebe mizigo stesheni chini ya macho ya Baba yako. Lakini nikisema nimefunga jua, nitakuwa nimekuoa kwa uongo, na uongo wenyewe ndio ule uliomvunja babu."

Nililia. Alinifuta machozi kwa mkono wa shati lenye harufu ya risasi ya kuunganishia waya. Sikuweza kumwambia amekosea, maana hakuwa amekosea. Sikuweza kumwambia nitakaa bila baba, maana nisingeweza. Tuliketi kwenye ngazi ya kibanda mpaka vivuli vya nguzo vikawa virefu. Kabla sijaondoka akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Kitu gani kilimuuma zaidi? Kwamba redio ilinyamaza, au kwamba hakujisikia?"

Nilifikiri. "Hakujisikia," nikasema. "Tangu Mama afe, ile kwaya ndiyo nyumba yake."

*

Likizo ya Aprili ilipoanza nilikata tiketi ya kurudi Nakuru. Dalmas alinikuta kwenye stesheni ya Gilgil akihema, tai imekaa upande. Alikuwa anatoka Nairobi, alikokuwa amepeleka karatasi za Bwana Pirie zilizotakiwa kusafirishwa Ulaya.

"Nilipita kwa watu wa redio," akasema. "Nilikaa kwenye benchi lao mpaka wakachoka kuniona. Nikawaambia kuna mzee Nakuru aliyeimba na hakujisikia. Bwana mmoja akasema sahani ya wimbo bado wanayo. Watapiga tena."

"Dalmas!"

"Ngoja. Waliniuliza lini. Nikawaambia Jumanne ile ya wiki ijayo."

"Kwa nini Jumanne?"

"Lile kundi la vidoa litakuwa limekwenda nyuma ya jua. Upande utakaotuangalia una vidogo tu, nimeviona kwenye michoro. Siwezi kukuapia, jua halina mdhamini. Lakini nadhani atasikia."

Nilimtazama, na watu wote waliokuwa stesheni wakaondoka machoni pangu. Alikuwa amekataa kusema kwamba analiamuru jua. Alichofanya ni kulingoja ligeuke, kwa ajili ya mzee aliyemfukuza.

"Baba atasema umefungua," nikamwambia.

"Aseme. Mimi niliomba watu wa redio tu." Akacheka kidogo. "Usimwambie ni mimi, mpaka wimbo uishe."

"Nitamwambia kabla. Nataka ajue anaposikiliza."

Treni ikapiga honi. Niliingia nikafungua dirisha, akasimama chini yake na kunishika vidole. Kulikuwa na mama mmoja wa Kisii ndani ya behewa na kikapu cha ndizi, akasema kwa sauti kwamba vijana wa siku hizi wanaagana kana kwamba Nakuru ni Bombei. Dalmas alimwamkia kwa heshima: "Shikamoo, Mama, ni mbali kwangu." Treni ikaanza kwenda. Alitembea nayo mpaka mwisho wa jukwaa, halafu akabaki, mkono umeinuka, na mimi niliendelea kumtazama hata nilipokuwa sioni ila mikaratusi.

Baba nilimwambia jioni ileile. Alisema amechoka, akaenda kulala. Lakini Jumatatu alimwomba Senge ampigie pasi lile shati la Jumapili.

*

Usiku wa kuamkia Jumanne pundamilia walikuwa wamepita kwenye waya zinazoteremka kutoka nguzo za upande wa ziwa wakazikata. Dalmas alipanda kuzifunga. Nguzo ilikuwa imeliwa na mchwa chini ya udongo, mahali ambapo hapakuonekana. Hayo ndiyo yote ninayoyajua.

Walimzika Bunyore. Baba aliomba ruhusa kazini akanisindikiza, na Senge akaja. Tulisafiri kwa treni hadi Kisumu, kutoka hapo kwa basi, kisha tukapanda vilima kwa miguu, kati ya yale mawe makubwa ya kwao. Nyumbani kwao watu walikuwa wengi. Wanawake wa ukoo waliketi chini karibu na jeneza, nami nilikwenda kuketi nao. Mmoja akauliza kwa Kinyore, huyu ni wa nani? Mke wa Mzee Asiko akatafuta jina la kunipa, nikamwona analitafuta. Hakuna mahari iliyotoka. Hakuna siku iliyowekwa. Sikuwa mke, na kwa hiyo sikuwa mjane, na hakuna mkeka uliotandikwa kwa ajili ya mtu kama mimi.

"Ni mwalimu wa Gilgil," akasema mwisho.

Wakaniinua kwa upole, wakaniketisha kwenye viti vya wageni, karibu na Bwana Pirie.

Mchungaji alipokuwa anasoma, mvua ikaanza. Ilikuwa kubwa. Maturubai hayakutosha, na wenye nyumba, ukoo ule wa mvua, walilowa kama sisi, wakikimbia na viti vichwani. Babu yake Dalmas, mzee mkongwe mwenye fimbo, alibaki ameketi kandoni mwa kaburi huku maji yakimtiririka usoni, na mguu wake mbaya umenyooshwa mbele. Alitazama juu mara moja tu, kama sisi wote.

Baba alimwendea. Alivua koti lake la reli akamfunika mabegani.

"Mulembe, Mzee," akamwamkia.

"Mulembe. Wewe ni nani?"

Baba alichuchumaa kando yake. "Mimi ndiye niliyekuwa niwe mkwe wake," akasema.

"Ulikuwa umekubali?"

"Nilikuwa nimekubali. Nilichelewa kumwambia."

Mzee yule alitikisa kichwa, akalivuta koti likae vizuri.

*

Bwana Pirie alirudi kwao mwaka wa uchunguzi ulipokwisha. Nguzo ziling'olewa, na mwenye shamba amelima pareto mahali pale. Mimi bado nafundisha Gilgil. Kila Ijumaa napanda treni kwenda Nakuru, na Baba hunipokea stesheni, jambo ambalo zamani hakulifanya. Dalmas hatumtaji. Juzi tu, Senge akiwa sokoni, Baba alikuja kuketi kando yangu nilipokuwa nachambua mchicha.

"Nekoye," akasema. "Watu wa Khaemba wameniuliza tena. Yule karani wa Eldoret aliyefiwa na mkewe."

"Namkumbuka, Baba."

"Ni mtu mtulivu. Lakini nikimkatalia hakuna atakayekulaumu. Hata mimi."

Niliendelea na mchicha. Alingoja, na sikuwahi kumwona akingoja hivyo mbele ya mtu.

"Anajua habari za Dalmas?" nikauliza.

"Nimemwambia mwenyewe. Nilimwambia binti yangu ana mtu wake Bunyore. Akasema na yeye ana mtu wake Kimilili, chini ya udongo."

Mchicha ulikuwa umekwisha. Niliosha mikono.

"Waje, Baba."

"Unasema hivyo kwa ajili yangu?"

"Nimesema waje."

Wanakuja Jumamosi. Senge ameshaagiza mchele.